Kansa Ikirudi: Somo Lililoandikwa Kampala

Wadau, nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili. Haukuwa uvivu, wala msisingizie umeme. Jumanne moja, saa tatu usiku, nikiwa bado chumba cha habari nahangaika na habari ya kikao cha madiwani, simu ililia. Ujumbe wa neno moja kutoka kwa mshikaji wangu niliyesoma naye Mlimani, tukalala chumba kimoja miaka mitatu: "Imerudi."

Sikuhitaji kuuliza nini. Miaka miwili na nusu iliyopita alitibiwa ugonjwa wa Hodgkin, moja ya kansa za tezi za limfu. Kansa za ukoo huo madaktari huziita limfoma. Alipigwa dripu za dawa nne kila baada ya wiki mbili kwa miezi sita. Nywele zikaisha, kilo zikapungua, uvimbe ukayeyuka, akarudi kazini, akaoa. Sherehe yake mimi ndiye niliyekuwa mshenga. Sasa uvimbe umejitokeza tena shingoni, kinyama kimekatwa, majibu yametoka.

Kesho yake nilikwenda kwao. Nilikuta msiba kabla ya msiba. Majirani wamekaa uani kimya, mama yake amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayesubiri maiti. Akanivuta pembeni. "Mwanangu, wewe ni mwandishi, unaongea na wakubwa. Niambie ukweli. Si ndiyo basi tena?" Mjomba wake alikuwa ameshapanga safari ya kwenda kwa mtu wa mitishamba, na hoja yake ilikuwa fupi: "Hizo dawa si walishampa? Zingekuwa dawa, ingerudi?"

Mimi si daktari, na siku ile sikuwa na jibu. Lakini swali la mjomba lilinikaa kichwani, nikaenda kusoma. Nilichokuta ni kwamba swali lake ni kubwa kuliko yeye mwenyewe anavyodhani. Tiba nzima ya kansa kwa dawa imejengwa juu ya swali hilo hilo. Na sehemu moja muhimu ya jibu haikuandikwa London wala New York. Iliandikwa hapo jirani tu, Kampala.

Tuanze mwanzo kabisa. Agosti 27, 1942, katika hospitali ya New Haven, Marekani, mgonjwa mmoja anayejulikana katika kumbukumbu kwa herufi mbili tu, J.D., alichomwa sindano ambayo haijawahi kutumika kutibu kansa. Alikuwa mhamiaji kutoka Poland, fundi wa kiwandani, mwenye limfoma iliyokataa mionzi. Shingo na kwapa zilikuwa zimejaa uvimbe hata kumeza chakula ikawa taabu. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Louis Goodman na Alfred Gilman, walikuwa wakichunguza kwa siri ya kivita ndugu wa karibu wa gesi ya haradali, sumu iliyoua na kupofusha askari kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Waliona kwamba sumu hiyo inaua chembe nyeupe za damu. Limfoma ni kansa ya chembe hizo hizo. Je, tukiitumia kwa kipimo?

Kwa J.D. ilikuwa kama muujiza. Ndani ya siku chache uvimbe ulianza kulainika, akaweza kula, akaweza kukunja mikono kifuani. Kabla ya miezi miwili kwisha ulikuwa umerudi. Wakampa tena, ukapungua kidogo. Wakampa mara ya tatu, haikusaidia. Desemba mosi mwaka huo huo akafariki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mgonjwa wa kwanza kabisa wa tiba hii alikuwa pia wa kwanza ambaye kansa yake ilirudi. Tiba na kurudi kwa ugonjwa vimezaliwa siku moja kama pacha.

Mambo yakaendelea hivyo hivyo kwa miaka zaidi ya kumi. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba ametibu watoto wenye kansa ya damu kwa dawa nyingine, aminopterin. Watoto waliokuwa mahututi wakainuka vitandani na kucheza. Baada ya wiki au miezi, ugonjwa ukarudi na kuwaua. Wakubwa wengi wa utabibu wakaanza kusema kama mjomba: dawa gani hii? Kuwapa wagonjwa sumu ili waishi miezi mitatu zaidi ni ukatili. Kuna hospitali ambako madaktari wa kansa walionekana kama vichaa.

Kwa nini ilikuwa inarudi? Jibu lilikuja kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni hesabu. Mtafiti wa Marekani, Howard Skipper, alifanya kazi na panya wenye kansa ya damu. Akaona mambo mawili. Kwanza, chembe moja tu ya kansa iliyobaki inatosha kuzaana na kumuua panya. Pili, dozi ya dawa haiui idadi fulani ya chembe, inaua sehemu fulani ya zilizopo. Fikiria hivi: uvimbe wa sentimita moja unabeba chembe kama bilioni moja. Dozi ikiua 999 katika kila 1,000, daktari hauoni tena uvimbe, mgonjwa anachinja mbuzi kushukuru. Lakini ndani zimebaki chembe milioni moja, hazionekani kwa picha wala kwa vidole. Ukiacha hapo, umezipa likizo tu.

Njia ya pili ni kifua kikuu. Wagonjwa wa TB waliopewa streptomycin peke yake miaka ya 1940 walipata nafuu, kisha vijidudu vikaizoea dawa. Ilipofika 1950, majaribio ya Uingereza yalikuwa yameonyesha kwamba ukichanganya streptomycin na dawa nyingine, usugu unapungua sana. Kidudu kinachoponyoka dawa hii kinanaswa na ile.

Sisi Watanzania tunalijua wazo hili vizuri, hata jina tumelipa. Mwishoni mwa 2006, baada ya malaria kuishinda klorokwini na kisha SP kuanza kulegea, serikali ilileta ALu, na mtaani tukaiita dawa mseto. ARV nazo ni mseto. Mbinu ni ile ile ya mtego wa panya: tundu moja anakwepa, ukitega milango yote minne anakwepea wapi?

Katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, Emil Frei na Emil Freireich walithubutu kuwapa watoto wenye kansa ya damu dawa nne kwa pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kijana aliyekuwa chini yao, Vincent DeVita, na wenzake wakauhamishia mseto huo kwenye Hodgkin. Wakawa na fomula waliyoiita MOPP: ile sumu ya ukoo wa gesi ya haradali, vincristine, procarbazine na prednisone. Ripoti yao ya 1970 ilihusu wagonjwa 43 ambao ugonjwa ulishasambaa mwilini. Kati yao 35 uvimbe ulitoweka kabisa. Na wengi wa hao haukurudi tena. Hilo halijawahi kuonekana.

Nisimame kidogo kwa ajili ya mjomba. Hiyo vincristine na ndugu yake vinblastine zinatoka kwenye mmea. Asili yake ni Madagaska, una maua madogo ya waridi au meupe, na leo umepandwa kwenye nyumba nyingi za Pwani bila wenye nyumba kujua. Kwa hiyo mitishamba mshikaji wangu alishapewa, tena iliyochujwa na kupimwa kwa miligramu. Ukiuchemsha tu nyumbani na kunywa, ni sumu. Tofauti ya dawa na sumu hapa ni kipimo.

Hata MOPP iliwaacha wengine. Kuna ambao ilirudi, na kuna ambao haikuondoka kabisa. Mwaka 1973 daktari wa Milan, Italia, Gianni Bonadonna, akajiuliza: hawa ambao kansa yao imeshazoea dawa zile nne, kwa nini nisiwape nne ambazo kansa haijawahi kukutana nazo? Akakusanya Adriamycin, dawa iliyotokana na vijidudu vya udongo wa Italia na kupewa jina la Bahari ya Adriatiki; bleomycin kutoka Japani; vinblastine ya lile ua la Madagaska; na dacarbazine. Huo ndio mseto wa ABVD. Ulifanya kazi vizuri hata ukawapita wakubwa wake. Mwaka 1992 majaribio makubwa ya Marekani yalionyesha kwamba ABVD ni bora kuliko MOPP hata kwa mgonjwa mpya.

Zile dripu nne za mshikaji wangu zilikuwa ABVD. Yaani dawa aliyoanzia yeye ilibuniwa kwa ajili ya watu walioambiwa "imerudi". Kama madaktari wa Milan wangefikiri kama majirani pale uani, yeye asingekuwa na cha kuanzia.

Sasa twende Kampala.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mwenzake alimwita mpasuaji wa Kiayalandi, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Wiki chache baadaye akamwona mwingine wa namna ile Jinja. Akachapisha ripoti mwaka 1958. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakasafiri maili 10,000, kutoka Kampala kupitia Kenya na Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali hadi hospitali: mmewaona watoto wa namna hii? Ilikuwa limfoma, na dunia ikaipa jina lake.

Limfoma ya Burkitt ni kansa ya kasi ya kutisha. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini kinachokua haraka hufa haraka kikipigwa dawa. Burkitt hakuwa na mashine ya mionzi Kampala, akaanza kujaribu dawa alizoletewa. Akaona watoto wakipona kwa dozi chache, wengine hata kwa dozi moja ya cyclophosphamide.

Agosti 1967, Chuo Kikuu cha Makerere, serikali ya Uganda na ile taasisi ya Marekani walifungua Kituo cha Tiba ya Limfoma pale Mulago, ambacho baadaye kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Aliyetumwa kukiongoza alikuwa Mmarekani kijana, John Ziegler. Kazi ngumu haikuwa dripu. Ilikuwa kufuatilia. Mtoto akitoka wodini anarudi kijijini, hakuna simu wala namba ya nyumba. Wafanyakazi wa kituo waliwafuata hadi huko, shamba kwa shamba, kuwapima tena na kuandika: huyu mzima, huyu imerudi, huyu tumemkosa.

Bila daftari zile tusingejua chochote, maana kutoka humo mwaka 1972 Ziegler na wenzake walichapisha jambo ambalo mimi sikuwahi kulisikia hadi wiki iliyopita: kurudi si kwa aina moja.

Kuna watoto ambao kansa ilirudi mapema, ndani ya miezi mitatu hivi. Hao wengi wao dawa hazikuwasaidia tena. Ilikuwa ni kansa ile ile, mabaki yaliyonusurika na kuzoea dawa, au yaliyojificha kwenye ubongo na uti wa mgongo ambako dawa za kawaida hazifiki. Na kuna watoto ambao ilirudi kwa kuchelewa, mara nyingi sehemu nyingine ya mwili. Hao walipopewa dawa tena, hata zile zile za mwanzo, wengi waliitikia kama wagonjwa wapya, na wako waliopona moja kwa moja.

Mwaka 1979, kundi la DeVita likachapisha hesabu za wagonjwa wake wa Hodgkin ambao iliwarudia baada ya MOPP, wakapewa MOPP ile ile mara ya pili. Wale ambao walikaa zaidi ya mwaka mmoja bila ugonjwa, asilimia 93 uvimbe ulitoweka tena. Wale ambao ilirudi kabla ya mwaka, asilimia 29 tu. Ugonjwa tofauti, bara tofauti, muda tofauti, lakini sheria ni ile iliyoonekana Mulago: usiulize tu kama imerudi, uliza imerudi baada ya muda gani.

Ile taasisi ilikaribia kufa mwaka huo huo wa 1972. Idi Amin alipowafukuza Waasia na hali kuwa mbaya, Wamarekani nao waliondoka. Aliyeshika usukani ni Mganda, Charles Olweny. Miaka ile dawa zilikuwa za kuokoteza, askari wako mitaani, lakini wodi haikufungwa na utafiti haukusimama. Mwaka 1976 yeye na wenzake walichapisha jaribio lililolinganisha dawa moja na mseto kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt. Amin bado alikuwa Ikulu. Mimi nikikosa intaneti nusu saa nasema siwezi kufanya kazi.

Ziegler naye alirudi Marekani na maswali ya Kampala kichwani. Kama dawa inaua kansa, kwa nini tusiongeze dozi mara kadhaa kwa walioshindikana? Kikwazo ni uloto, kile kiwanda cha damu ndani ya mifupa. Dozi kubwa inakiua kabla ya kumaliza kansa. Mwaka 1978 yeye na wenzake walitoa ripoti ya wagonjwa wa limfoma ambao uloto wao ulitolewa kwanza ukagandishwa kwenye baridi kali, wakapewa dozi ambayo kwa kawaida ingewaua, kisha wakarudishiwa uloto wao. Ukaota upya.

Ilichukua miaka kuthibitisha kwamba njia hiyo inaokoa watu. Jaribio lililomaliza ubishi kwa limfoma zisizo za Hodgkin lilichapishwa 1995. Wagonjwa ambao imewarudia walipewa kwanza mseto wa uokoaji uitwao DHAP. Wale 109 ambao kansa yao iliitikia waligawanywa kwa kura, nusu wakaendelea na DHAP, nusu wakapewa dozi kubwa na kurudishiwa uloto. Baada ya miaka mitano, asilimia 53 ya waliorudishiwa uloto walikuwa hai, na asilimia 32 ya wenzao. Kwa Hodgkin, jaribio dogo la Uingereza la 1993 lilikuwa limeelekeza upande huo huo.

Angalieni mpangilio: kwanza mseto mpya, kisha kupima kama kansa bado inasikia dawa, ndipo uloto. Na saa ile ya Kampala bado inagonga. Tiba mpya zaidi, ambamo chembe za kinga za mgonjwa hutolewa, hufundishwa maabara kuitambua kansa na kurudishwa mwilini, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa limfoma kali ambao imewarudia ndani ya miezi 12 au haikuitikia kabisa. Matokeo yalichapishwa Desemba 2021, na yalikuwa bora kuliko njia ya uloto. Wale wa kurudi mapema, ambao Mulago walishindikana, nao sasa wana mlango.

Sitaki kuwauzia matumaini ya bure. Milango hii haiko wazi kwa wote. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na hiyo ni hatua kubwa, lakini foleni ya wahitaji ni ndefu na tiba hizo mpya bado ni ndoto kwa mfuko wa mfanyakazi wa kawaida. Mara ya kwanza mshikaji wangu alipotibiwa, kuna wiki dawa moja kati ya nne ilikosekana hospitalini alikokuwa. Tulichangishana, tukaizungukia mjini maduka matano, tukaipata kwa bei ya kiwanja. Mseto wenye dawa tatu kati ya nne si mseto, ni tundu moja la mtego umeliacha wazi. Hili ndilo la kuwauliza wakubwa wetu wanaposimama kusoma bajeti. Vijana wa Kampala walipata dawa chini ya Amin. Sisi kisingizio chetu ni nini?

Jumamosi nilirudi kwa mama. Nikakaa naye jikoni, nikamweleza habari za J.D., za Milan, za watoto wa Mulago. Alinisikiliza huku akichambua mchele. Nilipofika kwenye suala la muda, mikono ikasimama.

"Kwa hiyo miaka miwili na nusu, hiyo ni mapema au ni kuchelewa?"

"Ni kuchelewa, mama."

Hakusema kitu. Akarudi kwenye mchele wake. Baadaye nilimsikia akimwambia mjomba ile safari isubiri.

Mshikaji anaanza mseto wa uokoaji Jumatatu. Baada ya mizunguko miwili watampiga picha waone kama kansa inasikia, ndipo lije suala la uloto, na la fedha. Anayemsindikiza hospitali ni mjomba, kwa sababu ndiye mwenye gari. Ameniambia ana maswali yake kwa daktari. Nimemwambia aanze na hili: dawa zote zipo?

Tuko pamoja.